Mama Akiiki na Bunduki ya Marehemu Baba yake Hessa

Alhamisi ya tarehe 29 Januari 2026, Bi. Proscovia Kabasinguzi atakabidhi funguo za stoo ya silaha, atavua aproni yake nyeusi, na safari hii hataivaa tena. Atakuwa ameitumikia Klabu ya Shabaha ya Wadi Ghafa kwa miaka kumi na tisa, yote akiwa fundi wa silaha wa Ukumbi wa Wanawake. Karibu sote tulimkuta hapa. Hakuna anayejua ile stoo ilikuwaje kabla yake, na baadhi yetu tunashuku kwamba haikuwepo.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi kwa ukaribu kuliko wengine. Mimi ni msimamizi wa uwanja. Mlengaji akikamilisha zamu yake, bunduki hutoka mikononi mwake ikaja kwangu, kisha ikapita kwenye dirisha dogo hadi kwa Proscovia. Nimepitisha bunduki kwenye dirisha hilo kwa miaka mingi, na sijawahi kuzoea jinsi anavyozipokea. Huzipokea kama mkunga anavyompokea mtoto: mikono yote miwili, macho chini, na maneno hakuna mpaka amehakikisha kila kitu kiko salama.

Alizaliwa Masindi, Uganda, akajiunga na jeshi punde tu baada ya kumaliza kidato cha nne. Wenzake walitamani kuendesha magari. Yeye alipelekwa karakana ya silaha, akalia siku ya kwanza, na siku ya pili akasahau kulia. Alitoka jeshini na cheo cha koplo, mikono isiyotetemeka, na Kiswahili cha kambini ambacho ndicho anachozungumza nasi hadi leo. Alifika Doha mwaka 2006, jiji likiwa limejaa kreni na mabango ya Michezo ya Asia, akawa mlinzi kwenye mlango wa jengo la maduka. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata klabu yetu ilifungua ukumbi wa wanawake. Kwa kuwa mwanamume haingii humo wakati wa zamu za akina mama, alihitajika fundi wa kike. Hapakuwa na wengi wa kuchagua. Alipokuja kwenye usaili na kuombwa afungue bunduki vipande vipande, aliomba kwanza kitambaa cheupe, kwa sababu springi nyeusi hupotea juu ya meza nyeusi. Walihangaika kukitafuta kitambaa, na yeye alisubiri. Usingemkimbiza hata kama jengo lilikuwa linaungua.

Wageni wengi hujiuliza kwa nini anatuita majina tofauti kwa saa tofauti. Maelezo ni haya. Akiwa kazini, kila mtu kwake ni "afande," awe mfagiaji, awe mwanachama aliyeshuka kwenye gari la kifahari. Lakini aproni ikishavuliwa na chai ya karaki ikishamiminwa, anarudi kuwa Mnyoro wa Masindi, ambako kila mtu ana jina la upendo juu ya majina yake mengine. La kwake ni Akiiki. Mimi alinipa Abwooli. Meneja wetu, Olivia, alipewa Amooti, akafurahi wiki nzima mpaka alipogundua kwamba hata dereva wa basi la wafanyakazi ni Amooti. Kwa hiyo ukisikia unaitwa afande, usilete utani. Ukisikia Abwooli, vuta kiti.

Mengine mnayajua. Mnajua kwamba haruhusu mtu kuzungumza naye akiwa na springi mdomoni. Mnajua vita vyake na vumbi: upepo wa shamali unapovuma na sisi wengine tunafikiria macho na pua zetu, yeye hukimbilia stoo na taulo zilizoloweshwa kuziba chini ya milango. Mnaukumbuka mwaka ule mvua ilipoikumba Doha ghafla na maji yakaanza kudondoka kupitia mashimo ya kiyoyozi, naye akapiga simu nyumbani kwake Muaither ili wenzake wa chumba wamletee mashuka yote waliyonayo, ya kwao pamoja na yake. Bunduki zililala zimekauka. Wale wenzake walilala bila shuka, na Ijumaa iliyofuata, ambayo hapa Doha ndiyo siku yetu ya misa, aliwapeleka Al Wakrah akawanunulia samaki wa kukaanga mpaka wakamsamehe.

Katika miaka hiyo yote, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeumizwa na silaha ndani ya ukumbi wetu. Hiyo peke yake ingetosha kufunga wasifu huu kwa heshima. Lakini kuna kazi moja ambayo lazima niisimulie, maana niliiona tangu mwanzo hadi mwisho, na hadi leo nikiikumbuka nashangaa upya.

Bi. Hessa ni mwanachama wetu wa siku nyingi. Wanaomfahamu wanajua alivyokuwa akilenga: alisimama wima kama mlingoti na hakuwahi kuharakisha. Bunduki yake ilikuwa ya marehemu baba yake, ya mtindo wa kujipakia yenyewe, yaani ukifyatua risasi moja, inayofuata huingia pasipo wewe kugusa chochote. Baba yake alimfundishia hiyo alipokuwa msichana, jangwani, familia ilipopiga mahema wakati wa baridi. Ilikuwa nzito na ilipiga teke kali begani kila ilipofyatuliwa. Hessa alilipokea hilo teke kwa furaha, kama mtu anayepigwa kofi la mgongo na rafiki.

Kisha akapata ajali ya gari. Bega la kulia lilivunjika, likaunganishwa kwa vyuma, na daktari wake akamwambia waziwazi kwamba teke la bunduki kubwa lingevilegeza vyuma hivyo. Alikuja klabuni kutuaga. Alisema bunduki ataisalimisha serikalini, kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine mwenye kibali cha kuimiliki. Olivia alimkumbusha kwamba kuna bunduki nyepesi za kila aina, na kwamba anaweza kuagiza mpya kesho. Hessa alijibu kwamba mpya angeweza kuipata leo hii, lakini hakuwa anatafuta bunduki.

Proscovia alikuwa dirishani kwake akisikiliza. Aliomba aachiwe ile bunduki kwa wiki moja, ailinde tu. Wiki ilipokwisha alimwita Hessa akamwambia jambo ambalo mimi sikulielewa siku ile. Alisema bunduki inaweza kubadilishwa ili itumie risasi nyingine, ndogo zaidi, ambayo teke lake hata mtoto halimsumbui. Alionya kwamba ni kazi ndefu, na kwamba huenda ikashindikana.

Olivia hakutaka. Klabu si kiwanda, alisema, na likitokea baya sote tutaitwa tujieleze. Proscovia hakubishana. Alisema ataifanya Jumamosi zake za mapumziko, kama wengine wanavyofuma sweta au kuimba kwaya, na kwamba hatagusa hata skrubu moja mpaka mamlaka zinazohusika ziandike kibali kwa jina la karakana yetu. Kibali kilichukua miezi. Nadhani Olivia alikubali kwa kuwa aliamini hakitatoka. Kilitoka.

Sisi tusio mafundi tulidhani kazi ni kutoa mtutu mnene na kuweka mwembamba, basi. Siku moja ya karaki alinieleza kwa nini sivyo. Bunduki ya aina ile, alisema, hutumia nguvu ya risasi yenyewe kujifungua, kutema ganda na kujipakia tena. Imezoea risasi yenye nguvu, na kila chuma ndani yake kimepimwa kwa nguvu hiyo. Ukiipa risasi ndogo, ni kama punda wa mkokoteni kufungiwa kwenye gari la tani kumi. Atavuta mara moja, kisha atasimama akikuangalia. Kwa hiyo kila kitu ndani yake lazima kifundishwe upya: kuanzia magazini, kile kikasha cha risasi, hadi ile springi ndogo kuliko zote. Nilimuuliza kama kuna mahali alipofundishwa hayo. Alisema jeshini alifundishwa kurudisha bunduki ilivyokuwa. Kuigeuza kuwa nyingine hajafundishwa na mtu, ndiyo maana anakwenda polepole.

Alikwenda polepole kweli. Vipuri vilivyoweza kununuliwa viliagizwa kupitia muuzaji mwenye leseni. Vilivyokosekana alivichonga mwenyewe. Mara ya kwanza alipoijaribu, bunduki ikiwa imebanwa kwenye kiti cha chuma na yeye akivuta kifyatuo kwa kamba huku sisi tukiwa nyuma ya ukuta, ililia mara moja ikanyamaza. Aliitazama akacheka, akasema angalau imekubali kusalimia. Akaifungua tena. Majira ya joto yakapita, yakaja mengine. Kuna Jumamosi nilipita klabuni kuchukua kitu nilichosahau, nikamkuta ameinama juu ya kile kitambaa chake cheupe, kiyoyozi kikivuma, chuma kidogo kama punje ya mchele kati ya vidole vyake, akikisugua, akikipima, akikisugua tena. Nikasimama mlangoni. Hakuniona. Niliondoka kwa kunyata, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

Mwishowe ikakubali. Ikafyatua, ikajipakia, ikafyatua tena, magazini baada ya magazini. Proscovia alimpigia simu Hessa, na Hessa akakata simu, kisha akapiga tena kuuliza ni lini.

Sasa hapa ndipo mambo yalipokuwa makubwa kuliko tulivyopanga. Mama yake Hessa, mzee ambaye moyo wake ulikuwa umedhoofika na ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, alisikia habari akataka kuja. Alisema kwa miaka mingi alikuwa akikaa ndani ya hema akisikiliza mumewe akifyatua kwa mbali, na angependa kusikia tena kabla hajafa. Mama akija, mabinti wote wanakuja. Mabinti wakija, mashangazi hawabaki. Olivia, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameugeuza ule mradi kuwa wa kwake, aliagiza maua, tende, kahawa ya Kiarabu na mpiga picha wa kike. Wiki chache kabla ya Ramadhani, ukumbi wetu ulinukia udi kama nyumba ya harusi.

Asubuhi hiyo Proscovia aliijaribu bunduki kwa mara ya mwisho. Mimi nilikuwa kando yake na viziba masikio vyangu. Nilisikia milio iliyofanana yote. Yeye alisimama. Alikwenda kuokota maganda yaliyotemwa, akayageuza moja moja kwenye mwanga, na moja akabaki nalo kiganjani. Alinionyesha. Ubavuni lilikuwa limevimba kidogo, kidogo sana, ningelipita mara mia. Aliniuliza kama nimesikia mlio wa katikati ulivyokuwa mzito. Nikasema hapana. Akasema yeye amesikia.

Wageni walikuwa wameshakaa. Mama yake Hessa alikuwa mbele kabisa kwenye kiti chake cha magurudumu, uso ameuelekeza upande wa shabaha. Proscovia alimvuta Olivia pembeni akamwambia kwamba leo haiwezekani. Olivia alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Alimweleza nani yuko ndani, na wametoka wapi, na yule mzee hali yake ikoje, kama vile Proscovia alikuwa hajamwona. Mwisho akaomba risasi moja tu, ya picha na ya yule mama, halafu bunduki irudi stoo hata mwaka mzima.

"Hapana, afande," Proscovia alisema. "Hii bunduki imenidanganya mara moja. Mpaka inieleze kwa nini, mtu haishiki."

Olivia akamwambia basi aingie awaambie mwenyewe. Nadhani alitumaini kwamba hataweza. Proscovia alifuta mikono, akaingia, akapiga goti mbele ya kile kiti cha magurudumu jinsi wanawake wa kwao wanavyopiga goti mbele ya wakubwa, akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni kwamba bunduki bado ni mgonjwa, na kwamba yeye hawezi kumkabidhi binti yake. Hakutafuta kisingizio. Vikombe vya kahawa vikarudishwa kwenye sinia kimoja kimoja. Shangazi mmoja alianza kusema jambo kwa ukali. Hessa alisimama, akashika kiti cha mama yake, akakisukuma kuelekea mlangoni. Wengine wakafuata. Zilibaki tende na maua, na mpiga picha ambaye hakujua aanze kufungasha au asubiri.

Proscovia alirudi stoo, akaivaa aproni, akaifungua bunduki yote tangu mwanzo.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi kwake. Hessa hakupiga simu. Katikati ya Ramadhani tukasikia kwamba mama yake amelazwa, na kuna waliosema chinichini kwamba fundi amemnyima mzee furaha yake ya mwisho kwa sababu ya ganda lililovimba. Proscovia alisikia. Olivia alipendekeza bunduki ipelekwe kwenye karakana ya nje, na Proscovia akasema sawa, lakini wampe mpaka Idi.

Alilipata kosa kabla ya Idi. Siku hiyo hakuniita kuja kuona, wala hakucheka. Alioga, akavaa gomesi yake ya kwendea misa, akaniomba nimsindikize hospitali.

Hessa alikuwa ameketi kando ya kitanda, mama yake amelala. Proscovia hakukaa. Alisema kwamba kuna kipande kimoja alichokichonga mwenyewe, na kwamba alikichonga vibaya. Si sana, ila kwa kiasi kwamba mara chache, risasi ilikuwa ikifyatuka kabla haijakaa vizuri mahali pake.

"Kosa ni langu," alisema. "Si bunduki. Ni mkono wangu."

Hessa alimtazama. "Na kama ningepiga siku ile?"

"Labda isingekuwa kitu. Labda ingekurudia usoni, mbele ya mama yako."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona mabega yake, yale ambayo sijawahi kuyaona yakishuka, yameshuka. Hessa hakusema kwamba amemsamehe, wala hakusema asante. Aliinuka, akachukua chupa ya chai iliyokuwa dirishani, akammiminia Proscovia kikombe, kisha akasogeza kiti chake mwenyewe ili akae. Walikaa hivyo, mmoja kwenye kiti na mwingine ukingoni mwa kitanda, mpaka muuguzi akaja kutuondoa.

Kile kipande alikichonga upya. Akaijaribu bunduki kuliko alivyowahi kuijaribu, akiokota kila ganda na kulishika kwenye mwanga. Mkaguzi aliyehusika na kibali naye akaja, akaijaribu, akatia sahihi. Mama yake Hessa alipata nafuu. Baada ya Idi alirudi klabuni, safari hii akiwa na Hessa na binti yake mwingine mmoja tu, bila maua wala kamera.

Hessa alisimama kwenye mstari. Niliikagua bunduki, nikatoa ruhusa. Aliibeba taratibu, akaiegemeza kwenye lile bega, akavuta pumzi. Mlio ukatoka, mdogo, mkavu, kama mtu aliyepiga kofi moja la haraka. Bega halikutikisika. Ukatoka wa pili, wa tatu. Bunduki ikajipakia yenyewe kila mara kana kwamba haijui maisha mengine. Hessa alipoishusha uso wake ulikuwa umelowa, naye anacheka.

Lakini mama yake alikuwa amekunja uso. Alisema jambo kwa sauti ya chini, na Hessa akageuka, kicheko kikamkauka. Yule mzee alisema: hii si sauti yake.

Na ilikuwa kweli. Mumewe alifyatua risasi kubwa, zenye ngurumo zilizozunguka jangwani zikarudi. Proscovia alisogea, akapiga goti tena, akamwambia ukweli. Risasi ndogo ina sauti ndogo, na ile sauti ya zamani imekwenda na ule mtutu wa zamani. Vitu vingi ameweza kuvibakiza, sauti hakuweza.

Mzee aliomba aletewe. Niliikagua bunduki, Proscovia akaikagua baada yangu, ikiwa tupu, akailaza kwenye mapaja ya yule mzee. Vidole vyake vikatembea juu ya chuma kipya bila kusimama, vikafika kwenye kitako cha mbao. Hapo vikapunguza mwendo. Mbao ile ilikuwa na mikwaruzo, na mahali fulani ilikuwa imelika na kubonyea kwa miaka ya kushikwa. Ndipo nilipogundua kwamba Proscovia, aliyebadilisha karibu kila kitu ndani ya ile bunduki, hakuwa ameipaka hiyo mbao hata tone la vanishi. Mzee alikipata kile kibonyeo. Akaweka dole gumba lake ndani yake, likatoshea, kwa kuwa baba yake Hessa, tuliambiwa baadaye, alikuwa mtu wa mikono midogo.

Kisha akairudisha bunduki akamwambia binti yake ajaribu tena, na safari hii asilegeze kiwiko cha kushoto, maana amekisikia kimelegea. Hessa alibisha kwamba kiwiko hakisikiki. Mama akasema yeye amesikiliza watu wakifyatua tangu Hessa hajazaliwa. Hessa akarudi kwenye mstari akakaza kiwiko. Nikatazama shabaha baadaye. Mzee alikuwa sahihi.

Nimefanya kazi na walengaji wazuri, na wengine wamerudi na medali. Sijawahi kuona kitu kilichonishangaza kama ile asubuhi ya udi na maua, mwanamke mmoja mwenye aproni akisema hapana mbele ya ukumbi mzima unaotaka ndiyo, yeye mwenyewe akiitaka hiyo ndiyo kuliko sisi sote. Miaka miwili ya Jumamosi zake ilikuwa mezani. Angeweza kunyamaza. Ni yeye peke yake aliyesikia.

Nafasi yake inachukuliwa na Tiffany, ambaye amekuwa naye stoo kwa miaka minne na ambaye tayari ameanza kutufokea kuhusu vumbi. Hilo linatupa matumaini. Proscovia mwenyewe anarudi Masindi kwa dada yake. Tulipomuuliza atafanya nini, alisema atalala mpaka jua liwe juu, kisha ataamka aangalie kama cherehani ya dada yake inahitaji kufunguliwa.

Jumapili iliyopita Hessa alikuja kumuaga. Akamwomba jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria: alenge yeye. Tukagundua kwamba katika miaka kumi na tisa hatujawahi kumwona Proscovia akisimama kwenye mstari kwa starehe yake. Amefyatua maelfu ya risasi, zote kutoka kwenye kiti cha chuma, zote kwa kamba, akisikiliza. Alikataa. Hessa akasisitiza. Olivia akasimamisha zamu. Wasichana wa mapokezi wakaacha simu zikilia wakaja kuona.

Alisimama, akaibeba ile bunduki aliyoijua ndani kuliko mtu yeyote duniani, akafumba jicho moja, kisha akafumba jingine, akafyatua. Risasi ikatoboa karatasi kwenye kona ya juu kabisa, pembeni ya namba ya uwanja, mbali na duara lolote. Proscovia aliitazama ile kona, akaishusha bunduki salama, akaifungua, akaikabidhi kwangu kwa mikono miwili, na baada ya hapo tu ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na Hessa akaketi kando yake na abaya yake yote, na tukashindwa kuwainua.

Ile karatasi tumeiwekea fremu. Iko ukutani mapokezi, na mnaombwa msiwaambie wageni ni ya nani.

Dada yetu Proscovia, tunakushukuru kwa kila silaha uliyoturudishia ikiwa salama, na kwa ile moja uliyokataa kuturudishia. Safari yako iwe nyepesi, usingizi wako uwe mrefu, na huko Masindi wakupende kama tulivyokupenda hapa. Uishi vyema, na Mungu akutunze.

Shiru,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ukumbi wa Wanawake